Saa za Jeni: Retina ya Binadamu Inavyojengwa Tumboni

Katika shule nyingi za msingi nchini Tanzania, mwanafunzi mwenye ualbino huketishwa dawati la mbele, na bado maandishi ya ubaoni humpiga chenga. Akipimwa macho na kupewa miwani, nafuu anayoipata ni ya kiasi. Wengi hudhani shida yake ni mwanga, kwamba jua linamuumiza macho kama linavyomuunguza ngozi. Mwanga kweli humsumbua, lakini sio uliomnyima herufi za ubaoni. Herufi hizo alinyimwa tangu tumboni, pale katikati ya retina yake palipotakiwa kujichimba kishimo kidogo, na kishimo hicho kisikamilike. Miwani huelekeza mwanga kwenye retina. Ikiwa retina yenyewe imebaki nusu kazi, fundi wa miwani hana la kuongeza.

Kisa hicho kina jambo la kushangaza, ambalo makala haya yatalifikia: jeni iliyoharibika kwa mtoto huyo haifanyi kazi katika neva za retina. Inafanya kazi katika tabaka la jirani.

Retina ni utando wa nyuma ya jicho kwa ndani, wenye unene wa takriban robo ya milimita. Tunaihesabu kuwa sehemu ya jicho, ila kwa asili ni kipande cha ubongo. Katika wiki ya nne ya mimba ubongo wa kiinitete hutoa vifuko viwili, kimoja kila upande, navyo hujikunja kwa ndani vikapata umbo la kikombe. Ukuta wa nje wa kikombe huwa tabaka la seli zenye rangi nyeusi. Ukuta wa ndani huwa retina. Humo mna aina saba kuu za seli. Koni hushughulikia rangi na vitu vidogo, vijiti huona penye giza. Seli za bipola, za mlalo na za amakrini hupokea habari na kuichambua, seli za ganglioni huifikisha ubongoni kupitia neva ya jicho, na seli za Müller hushikilia jengo zima na kulilisha. Christine Curcio na wenzake walipohesabu mwaka 1990 walipata wastani wa vijiti milioni 92 na koni milioni 4.6 kwa jicho moja la mtu mzima.

Seli zote hizo zina jeni zilezile, kama 20,000 zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini, na zote zimezaliwa na kundi moja la seli mama. Kijiti hakina jeni ambayo seli ya ganglioni haina. Kinachozitenganisha ni jeni zipi zimewashwa ndani ya kila moja na zipi zimezimwa, na hasa ziliwashwa saa ngapi.

Kwa muda mrefu utafiti ulikuwa wa kusaka majina: ni jeni gani inayojenga jicho? Jibu lililosisimua zaidi lilitoka Basel, Uswisi, mwaka 1995. Maabara ya Walter Gehring iliichukua jeni ya nzi wa matunda iitwayo eyeless, ikaiwasha mahali isipostahili. Nzi wakaota macho miguuni, kwenye mbawa na kwenye papasi. Walipotumia jeni ya panya inayolingana nayo, Pax6, nzi wakaota macho vilevile, na yalikuwa macho ya nzi, si ya panya. Binadamu naye anayo, PAX6, kwenye kromosomu ya 11. Aliyerithi nakala moja mbovu huzaliwa bila ule utepe wa rangi unaoizunguka mboni, au akiwa na kipande chake tu. Hali hiyo huitwa aniridia. Nakala moja nzima iliyobaki haitoshi.

Tangu hapo PAX6 ikapewa sifa ya kuwa bosi wa jicho. Sifa hiyo imezidishwa. Jeni hiyohiyo hufanya kazi katika ubongo na katika kongosho, na hakuna aliyeota jicho kwenye kongosho. Jichoni haifanyi kazi peke yake. Mwanzoni kabisa huwashwa pamoja na RAX, SIX3, LHX2 na nyinginezo, na kwa pamoja hutenga eneo la ubongo litakalokuwa macho. Kisha huja mvutano wa wazi. Seli za ukuta wa nje wa kikombe huendelea kuwasha MITF, zikawa seli za rangi. Za ukuta wa ndani huwasha VSX2, nayo huibana MITF isifurukute. Panya ambao VSX2 yao imeharibika huzaliwa na macho madogo, na baadhi ya seli zilizotakiwa kuwa retina hupata rangi nyeusi za jirani zao.

Mipaka ikishawekwa, uzalishaji wa seli huanza, nao una foleni inayoheshimiwa na karibu wanyama wote wenye uti wa mgongo. Seli za ganglioni hutangulia. Hufuata za mlalo, koni na za amakrini, kwa kupishana. Kisha vijiti kwa wingi, halafu bipola, na seli za Müller hufunga. Mwaka 1987 David Turner na Constance Cepko waliweka alama kwenye seli mama mojamoja za retina ya panya kwa kutumia kirusi, wakasubiri waone zitazaa nini. Seli mama moja ilizaa watoto wa aina tofauti. Kwa hiyo hakuna ukoo wa koni wala ukoo wa vijiti. Seli mama ileile hubadilika uwezo kadiri siku zinavyokwenda. Anayepika pilau anaelewa: kitunguu, nyama, viungo na mchele vyote vipo jikoni tangu asubuhi, lakini anayeanza na mchele hatapata pilau.

Ushahidi mkali zaidi wa jambo hili unatoka kwa familia za Wakurdi wa kaskazini-mashariki mwa Iran. Katika familia hizo baadhi ya watoto huzaliwa vipofu kabisa, retina zao zikiwa hazikushikamana na ukuta wa jicho na neva ya jicho haipo. Watafiti walifuatilia ugonjwa huo hadi jirani na jeni ya ATOH7, ambayo bila hiyo seli za ganglioni hazizaliwi. Wakaisoma jeni yenyewe herufi kwa herufi: nzima, haina kasoro. Ndipo, mwaka 2011, ikaripotiwa kwamba kilichopotea ni kipande cha DNA chenye herufi zaidi ya 6,500 kilichoko mbali kidogo, herufi kama 20,000 kutoka kwenye jeni. Kipande hicho hakitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kuiwasha ATOH7 katika retina kwa wakati wake. Watoto wale walikuwa na jeni nzima isiyopata amri ya kuanza kazi, na anayetafuta hitilafu ndani ya jeni pekee asingeiona kamwe.

Ili kuzisoma amri hizo, lazima mtu ajue jeni zipi zimewashwa katika kila seli. Jeni inapofanya kazi hunakiliwa kuwa RNA, na RNA inaweza kuhesabiwa. Zamani maabara zilisaga retina nzima na kupima kilichopatikana. Kwa njia hiyo kundi dogo la seli lilimezwa na wingi wa vijiti, kwa sababu matokeo yalikuwa wastani wa wote. Mwaka 2015 Evan Macosko na wenzake wa Harvard walitangaza njia nyingine. Seli hutenganishwa, kisha kila moja hufungiwa katika tone dogo la majimaji linaloelea ndani ya mafuta, pamoja na chembe iliyobeba alama yake ya siri. Seli hupasuliwa humo humo, RNA zake zikashika alama hiyo, na hata zikichanganywa baadaye na za seli nyingine elfu kumi, kompyuta itajua ipi ilitoka wapi. Mfano wao wa kwanza mkubwa ulikuwa retina ya panya: seli 44,808, zilizogawanyika zenyewe katika makundi 39.

Zamu ya binadamu haikuchelewa. Maabara ya Thomas Reh mjini Seattle ilichapisha mwaka 2017 picha pana ya jeni zinazofanya kazi katika retina ya kijusi cha binadamu, na mwaka 2020 kundi lililohusisha maabara ya Seth Blackshaw ya Johns Hopkins lilichapisha uchambuzi wa seli mojamoja katika hatua 16 za ukuaji. Hapa pana jambo litakalowakera baadhi ya wasomaji, na wana haki ya kuuliza: retina hizo hutoka katika mimba zilizokatishwa, ambazo wazazi wameridhia zitumike kwa utafiti. Katika nchi nyingi, zikiwemo zetu, utafiti wa namna hiyo ni mgumu kisheria na kidini. Ndiyo sababu moja kazi hii imefanywa katika miji michache ya dunia.

Je, ilikuwa lazima? Panya hakutosha? Kwa kiasi kikubwa panya alikuwa amesema kweli: foleni ya kuzaliwa kwa seli ni ileile, na jeni nyingi ni zilezile. Tofauti iko kwenye saa. Panya humaliza kuzalisha seli za retina kwa wiki tatu hivi, nyingine akiwa amekwisha kuzaliwa, ilhali binadamu hutumia miezi. ATOH7, ambayo kwa panya hufanya kazi yake mapema, kwa binadamu huendelea kuonekana hata katika hatua za baadaye, na uchambuzi wa 2020 ulionyesha kwamba huko inashiriki katika kuamua seli ipi iwe koni. Na kuna sehemu moja ya retina ambayo panya hawezi kusema lolote kuihusu, kwa kuwa hana.

Sehemu hiyo ni fovea, kishimo kilicho katikati ya retina. Msomaji anapoifuata sentensi hii, macho yake yanasogea ili kila neno liangukie hapo. Pale katikati hakuna vijiti, koni zimebanana kuliko mahali pengine popote, na seli za tabaka la juu zimesogezwa pembeni ili mwanga upite bila kikwazo. Eneo hilo ndilo la kwanza kuacha kuzalisha seli mpya, wiki nyingi kabla ya pembezoni, lakini ndilo la mwisho kukomaa. Kishimo huanza kuonekana karibu na wiki ya 25 ya mimba. Mtoto anapozaliwa koni zake za katikati bado ni fupi na nene, na huendelea kurefuka na kubanana kwa miaka kadhaa.

Sasa turudi kwenye ualbino. Mwaka 1995 Richard Spritz na wenzake waliwachunguza Watanzania wenye ualbino, wakakuta kwamba sehemu kubwa ya nakala mbovu za jeni ya OCA2 zimepungukiwa kipande kilekile cha herufi 2,700 hivi. Mwaka mmoja nyuma yake kipande hicho kilikuwa kimeripotiwa kuwa na asili ya Afrika. OCA2 hufanya kazi katika seli zinazotengeneza melanini: za ngozi, za nywele, na zile za ukuta wa nje wa kikombe cha jicho, ambazo huanza kupata weusi karibu na wiki ya tano. Neva za retina hazitengenezi melanini. Hata hivyo ndizo zinazopata hasara. Kishimo hakikamiliki. Tena nyuzi za seli za ganglioni hukosea njia: kwa kawaida zaidi kidogo ya nusu huvuka kwenda upande wa pili wa ubongo, lakini kwa mtu mwenye ualbino zinazovuka ni nyingi mno, na ubongo hushindwa kuunganisha vizuri picha za macho mawili. Kwa panya albino imeonekana kwamba seli za ganglioni zinazowasha ZIC2, jeni inayoziamuru nyuzi zisivuke, ni chache kuliko kawaida.

Tabaka lisilo na rangi linawezaje kuvuruga saa za jirani yake? Wataalamu bado wanabishana. Hoja yenye uzito ni kwamba katika safari ya kutengeneza melanini hupatikana kemikali nyingine, L-DOPA, na huenda ndiyo inayoashiria kwa retina lini iache kugawanya seli na lini ianze kuzikomaza. Vyovyote itakavyoamuliwa, somo kwa walimu na wazazi lipo tayari. Mtoto huyo si mzembe, na kumbadilishia miwani kila muhula hakutampa fovea. Maandishi makubwa, kioo cha kukuzia na ruhusa ya kuusogelea ubao vitamfaa zaidi.

Kwa kuwa kijusi hakiwezi kujaribiwa, watafiti wametafuta njia ya pembeni. Mwaka 2011 kundi la Yoshiki Sasai mjini Kobe, Japani, lilikuza seli shina za panya katika majimaji, zikajikunja zenyewe bila kushikwa mkono hadi zikawa kikombe cha jicho. Mwaka uliofuata walifanya hivyo kwa seli za binadamu. Vijiretina hivyo huitwa organoidi, na vikitunzwa kwa miezi huzaa koni, vijiti na seli nyingine kwa foleni ileile ya tumboni. Havioni, na mishipa ya damu havina. Tena kishimo hawajafaulu kukipata, jambo linaloonyesha ni kiasi gani bado hakijaeleweka.

Organoidi zimejibu swali moja zuri. Binadamu ana koni za aina tatu, na za buluu hutangulia kuzaliwa kabla ya zile za nyekundu na kijani. Nani anayebadilisha zamu? Mwaka 2018 Kiley Eldred, Robert Johnston na wenzao wa Johns Hopkins walionyesha kwamba ni homoni ya tezi ya thiroidi, ile tezi ya shingoni. Walipoiondoa jeni ya THRB, inayopokea ujumbe wa homoni hiyo, organoidi zikatoa koni za buluu tupu. Walipoimwaga homoni mapema, karibu koni zote zikawa za nyekundu na kijani. Lililowashangaza wengi ni kwamba retina haikai ikisubiri damu ya mama iilete homoni: mwanzoni huwasha jeni inayoiteketeza, baadaye huwasha nyingine inayoiamsha. Saa iko ndani ya retina yenyewe. Labda hiyo inaeleza kwa nini watoto njiti wenye upungufu wa homoni hiyo wameonekana kupata kasoro za rangi zaidi ya wenzao.

Lakini mahali ambapo tofauti ya saa kati ya panya na binadamu imegharimu zaidi ni kwenye saratani. Retinoblastoma ni saratani ya retina ya watoto wadogo, na humpata mtoto mmoja kati ya 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa. Mwaka 1971 Alfred Knudson, kwa kuchambua wagonjwa 48 tu, alikisia kwamba huanza seli inapopoteza nakala zote mbili za jeni moja. Mwaka 1986 jeni hiyo, RB1, ikapatikana kwenye kromosomu ya 13. Kilichofuata kilikuwa cha kufadhaisha. Panya waliopunguziwa RB1 mwaka 1992 hawakupata saratani ya jicho hata kidogo; walipata uvimbe wa tezi ya pituitari. Jeni ileile na hitilafu ileile, lakini kiungo kingine.

Jibu lilihitaji retina ya binadamu. Mwaka 2014 David Cobrinik na wenzake walieleza katika jarida la Nature jinsi walivyoizima RB1 katika seli za retina ya kijusi, wakatazama zipi zitaanza kujigawa ovyo. Hazikuwa seli mama, kama wengi walivyotarajia. Zilikuwa koni changa, zilizokwisha kuacha kugawanyika na zinazoanza kukomaa. Katika hatua hiyo fupi koni ya binadamu huwasha kwa nguvu baadhi ya jeni zinazosukuma ukuaji, na RB1 ndiyo breki yake. Breki ikikatika hapo, seli hurudi kujigawa. Koni changa ya panya haina mpangilio huo.

Mtu anaweza kusema ujuzi huo ni wa maabara za Marekani na kwetu hauna kazi. Takwimu zinasema vingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, wenye watoto 4,351 kutoka nchi 153, ulionyesha kwamba katika nchi tajiri umri wa kati wa kugunduliwa ni miezi 14.1, na katika nchi maskini ni miezi 30.5, wakati ambapo kwa karibu nusu ya watoto hao saratani imekwisha kutoka nje ya jicho. Seli iliyoharibika ni ileile huku na kule. Kinachotofautiana ni siku ya kufika hospitali. Na tiba ikiwepo hufaa: katika hospitali ya macho ya Ruharo, Mbarara, Uganda, baada ya dawa za saratani kuanza kutolewa, watoto wanaopona walipanda kutoka chini ya nusu hadi karibu theluthi mbili.

Dalili ya kwanza mara nyingi huonwa na mama, au hujitokeza kwenye picha iliyopigwa kwa simu: mboni ya jicho moja inang'aa nyeupe badala ya kuwa nyeusi au nyekundu. Wakati mwingine ni makengeza yaliyoanza ghafla. Mtoto halii, jicho haliumi, ndiyo maana watu husubiri. Ewe mzazi, ukiona weupe huo usinunue matone duka la dawa, wala usingoje mtoto akue. Mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo, na ukiambiwa ni kitu kidogo kitapita, omba rufaa ya hospitali kubwa.